Kuku Mpole Si Kuku Bure

Swali huja kila wiki, tena kwa maneno yale yale. Mtu anasimama kwenye lango la paseli yetu hapa Panzi, anamtazama kuku wangu wa Brahma akipita polepole, manyoya yamemfunika mpaka vidoleni, anatikisa kichwa, kisha anauliza: "Mama, iyi kuku mutaikula siku gani?" Nikimjibu kwamba siku hiyo haijapangwa, la pili linafuata papo hapo: "Sasa ni ya kazi gani?"

Anayeuliza si mtu mbaya, wala si mjinga. Anasema kile ambacho karibu Bukavu nzima inakiamini, kuanzia soko la Kadutu mpaka miteremko ya Nguba: kuku ni nyama ambayo bado haijaingia chunguni, au ni tumbo la mayai, na zaidi ya hapo hana kitu. Hana akili, hana tabia, hana sura ya kumtofautisha na mwenzake. Na kuku wa pambo, yule mwenye manyoya miguuni, au mwenye nywele badala ya manyoya, au mwenye ngozi nyeusi, huyo ni mchezo wa wenye pesa, katika mji ambao watoto wanalala na njaa.

Huu ni mwaka wangu wa sita wa kuishi na kuku hawa. Nimewasikiliza wanaowadharau, na nimewatazama kuku wenyewe kwa saa nyingi kuliko wao. Imani hiyo ni ya uongo. Ingekuwa inakosea juu ya Brahma peke yake ningenyamaza, maana Brahma ni wachache na hawahitaji wakili. Lakini inakosea juu ya kuku wote, na imewaharibu hata kuku wa bibi zetu, tangu kabla ya Brahma yeyote kuonekana katika mji huu.

Nianze na hilo la tabia, kwa kuwa ndilo lililobeba mengine. Watu husema: kuku ni kuku tu. Ukimkaribia anakimbia, ukimfukuza anapanda juu ya mabati, ukimshika anapiga kelele kama anayechinjwa. Ni kweli, kuku wengi wa paseli zetu wako hivyo. Lakini nani aliwafanya wawe hivyo?

Tazama Jumapili yoyote. Mgeni amefika bila taarifa, shemeji kutoka Walungu au mjomba kutoka Kabare. Mama wa nyumba anamwambia mtoto akakamate kuku. Mtoto atamkamata yupi? Atamkamata aliyesimama karibu na mlango wa jikoni akingoja makombo, asiyemwogopa mtu, anayekuja akiitwa. Yule mwenye mbio, aliyekwisha kupanda juu ya mti wa avoka, anasalimika. Kesho anataga, mwezi ujao anaatamia, na vifaranga wake wanarithi mbio zake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Jumapili hii, na Krismasi iliyopita, na siku ya harusi ya mama yangu, na siku ya harusi ya bibi yangu. Chungu chetu kimekuwa kikimla mpole na kumwacha mwoga azae. Leo tunasimama uani tukilalamika kwamba kuku hana tabia. Anayo, na ni sisi tuliomchagulia, kwa mikono ya watoto wetu.

Kwamba upole na woga hurithiwa si dhana yangu. Katika Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, Per Jensen na wenzake walichukua kuku-mwitu wekundu wa Asia, ambao ndio asili ya kuku wa nyumbani duniani kote, wakawazalisha kwa makundi mawili: upande mmoja wale wanaomwogopa mtu kidogo, upande mwingine wale wanaomwogopa sana. Hawakuchagua kitu kingine, wala uzito, wala mayai. Vizazi vichache tu vikapita, na wale wasio na woga wakawa na miili mikubwa zaidi, na vifaranga wao wakawa wakubwa zaidi. Basi hata asiyejali chochote isipokuwa nyama ana sababu ya kumhifadhi kuku mpole. Sisi tunafanya kinyume chake, kisha tunakwenda kununua vifaranga ng'ambo ya Ruzizi.

Brahma alipitia njia nyingine. Mababu zake walipakiwa melini kutoka bandari ya Shanghai, China, wakafika Marekani katika miaka ya 1840. Huko walichanganywa na kuchaguliwa, na tangu miaka ya 1850 mpaka karibu 1930 Brahma alikuwa miongoni mwa kuku wakuu wa nyama wa nchi ile. Huyu tunayemwita pambo alikuwa mfanyakazi kabla ya kuwa pambo. Na mnyama wa kilo nne au tano, mwenye mdomo na kucha, akiishi kati ya watoto na wazee, hana budi kuwa mtulivu. Asiye mtulivu hafiki mwaka wa pili. Upole wake ni kazi ya vizazi vya watu waliomwacha mpole azae. Haukushuka kutoka mbinguni.

Na huu upole ukoje, kwa mtu ambaye hajauona? Asubuhi nikifungua banda, kuku wa kienyeji hutoka kama mawe yaliyorushwa. Brahma husimama mlangoni, huangalia mvua, hufikiri, ndipo hutoka. Ukiinama atakusogelea kuona umeshika nini. Mtoto wangu wa mwisho humbeba kwa mikono miwili, miguu ikining'inia, naye hubaki ametulia, jicho moja likimtazama mtoto. Mbwa wa jirani akipita, wale wengine wote wako juu ya paa. Brahma amesimama pale pale amenyoosha shingo, na hilo, nakiri, siku moja litamgharimu. Anaponyonyoka manyoya huwa mkimya na hapendi kushikwa. Akitaka kuatamia huwa mzito kuondoka kiotani, hujitanua kama mkate unaoumuka na hunguruma kwa sauti ya chini. Baada ya mwezi mmoja tu unajua yupi ni yupi hata bila kutazama rangi. Mmoja wangu hali kamwe kabla ya kunywa. Mwingine hulala peke yake chini ya ngazi, na nimeacha kumrudisha.

Anayesema kuku hawana sura wala hawatambuani namkumbusha Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwatazama kuku tangu utotoni na mwaka 1921 akaeleza jambo ambalo leo linafundishwa vyuoni: kwamba kila kundi la kuku lina ngazi yake ya ukubwa, huyu anamdonoa yule, yule anamdonoa wa chini yake, na kila mmoja anaijua nafasi yake mbele ya kila mwenziwe. Bila kutambuana mmoja mmoja, ngazi hiyo haisimami hata siku moja. Katika banda langu anayetawala si Brahma. Ni kuku mdogo mwekundu wa kienyeji, niliyemnunua soko la Mudaka, asiyefika hata kilo moja na nusu. Brahma wenye uzito mara tatu yake wanampisha kwenye beseni la maji. Ukubwa ni wao, ukali ni wake, na kila mmoja hapo uani analijua hilo isipokuwa wapita njia.

Sasa nije kwenye swali la kazi. Bukavu ni mji uliojengwa juu ya miteremko, na vita vimeujaza watu. Nyumba zimebanana, bati langu linadondoshea maji uani kwa jirani, la jirani linadondoshea kwangu. Katika kartie kama zetu, ugomvi wa kuku si jambo dogo. Kuku wa fulani ameruka ukuta, amechakura kitalu cha lengalenga, amekula miche ya nyanya, na majirani wawili hawasalimiani mpaka Pasaka. Nimeona mambo hayo yakifika kwa mkuu wa avenyu. Brahma haruki. Ukuta unaofika kiunoni unamtosha, kwa sababu mwili wake ni mzito na mabawa yake ni mafupi. Kuku wa hariri, yule ambaye wafugaji wetu wanaofuata Kifaransa humwita soie, naye haruki, maana manyoya yake hayana vile vikulabu vidogo vinavyoyashikamanisha yawe bawa. Ni laini kama pamba, na pamba haiinui mtu. Basi katika mji wenye paseli za hatua ishirini kwa kumi, kuku asiyeruka na asiye na papara ndiye kuku wa mji. Huyo mwenye mbio tunayemsifu ni wa kijijini, kwenye migomba na nafasi, na huko namsifu na mimi.

Wala si jambo geni kwetu kumchagua mnyama kwa tabia yake. Mkoa mzima wa Kivu Kusini unafuga simbiliki jikoni. Kwa nini simbiliki? Kwa sababu hapigi kelele nyingi, hatoki nje, anaficha mwili wake chini ya meza, na wenye bunduki waliochukua ng'ombe na mbuzi hawakumwona. Hakuna aliyemwita simbiliki mchezo wa matajiri. Tulimtazama mnyama, tukatazama maisha yetu, tukaona vinalingana. Naomba kuku atazamwe kwa jicho hilo hilo.

Kuna na hali ya hewa. "Hiyo ni kuku ya wazungu, haiwezi huku kwetu." Huku kwetu ni wapi? Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa ziwa Kivu, na usiku wa Julai tunajifunika blanketi. Brahma aliyejaa manyoya mpaka miguuni yuko kwake hapa kuliko kuku wengi. Ningekuwa naishi Uvira, chini kule kwenye joto la Tanganyika, nisingemfuga, na ningemwonya mwenzangu asimfuge. Kinachomsumbua hapa si baridi. Ni matope. Tangu Septemba mpaka Mei mvua haituachi, na manyoya ya miguuni hubeba udongo mwekundu mpaka unakuwa madonge. Ndani ya madonge unyevu hukaa, na utitiri hujificha chini ya magamba ya mguu mpaka mguu unakuwa kama gome la mti. Asiye tayari kutandaza maranda makavu bandani, kuosha miguu ya kuku na kuipaka mawese ili utitiri ukose hewa, amwache Brahma. Na chanjo ya Newcastle ni ya lazima kwake kama ilivyo kwa wa kienyeji; ugonjwa ule ukipita, hauulizi nani ni pambo.

Niseme na la mayai na fedha, lakini kwa ufupi, kwa maana hapo ndipo wapinzani wangu wanapotaka mjadala wote ukae. Kuku wa kisasa wa mayai hutaga karibu 300 kwa mwaka, na kwa ajili hiyo anataka gramu 110 hadi 120 za chakula kilichopimwa kila siku, na haatamii kamwe. Akizeeka huna kizazi chake, unanunua tena. Kuku wa kienyeji anayejitafutia hutaga 40 hadi 60. Brahma aliyelishwa hutaga kati ya 120 na 150, anakula kuliko wa kienyeji, na anakomaa kwa kuchelewa sana. Hizo ndizo hesabu. Hatakutajirisha.

Anayekuambia kwamba Brahma atakutajirisha ndiye adui wangu wa pili, na nafikiri yeye ndiye aliyempa adui wa kwanza maneno. Homa hii ya kutafuta utajiri kwa kuku imekwisha kuwatesa wengine. Mwishoni mwa mwaka 1852, mfanyabiashara Mmarekani George Burnham alimpelekea Malkia Victoria wa Uingereza kuku tisa wa namna hii kama zawadi. Magazeti yakaandika, bei zikapaa, watu wazima wakatoa akiba zao kwa ajili ya jozi moja ya kuku. Kufika 1855 Burnham mwenyewe alikuwa ametoa kitabu kizima kuhusu homa hiyo ya kuku, na wengi waliobaki na mabanda waliuza kwa bei ya nyama. Leo naona picha zile zile zikizunguka katika simu zetu: jozi kwa dola nyingi, "fursa", "uwahi". Mimi niliuziwa vifaranga wanne kwa ahadi kwamba ni Brahma halisi. Wawili wakakua na miguu mitupu kama ya kuku yeyote wa sokoni. Muuzaji wa namna hiyo hamtazami kuku zaidi ya anavyomtazama yule anayengoja kumla. Wote wawili wanaona pesa yenye mabawa.

Kwa hiyo ninaposema kuku hawa si bure, simaanishi soko. Namaanisha, kwa mfano, kuku wa hariri kiotani. Wazee wetu husema kuku havunji yai lake. Brahma, kwa uzito wake, huvunja. Nimepoteza mayai matatu chini ya jike mmoja kwa wiki moja, na kifaranga mmoja alikanyagwa siku aliyoanguliwa. Lakini kuku wa hariri ana uzito mdogo na hamu ya kuatamia isiyo na kipimo. Mpe mayai yake, mpe ya Brahma, mpe ya bata, atayalalia. Siku 21 kwa ya kuku, na kwa bata atavumilia wiki zaidi bila kulalamika. Mwaka jana jirani yangu alikuwa na mashine ya kutotolesha, nzuri, ya kutoka nje. Umeme ulikatika usiku wa kumi na saba, ukarudi kesho yake jioni, na hakupata hata kifaranga mmoja. Siku ile ile, kwenye sanduku la mbao nyuma ya jiko langu, mama wa hariri alikuwa amelala juu ya mayai tisa na hakujua kwamba umeme umekatika. Alitoa vifaranga wanane. Aliyeniuliza kazi yao ni nini alikuja kuniomba nimwazime kuku huyo, na nilimwazima.

Ni kuku huyu huyu anayeitwa wa kichawi. Ana ngozi nyeusi, nyama nyeusi, mpaka mifupa, na ana vidole vitano mahali ambapo kuku wengine wana vinne. Na Brahma anaambiwa ana miguu ya bundi, na bundi kwetu mnajua anasemwaje. Hapa nakasirika waziwazi, kwa sababu katika mji huu neno uchawi halibaki kwa kuku. Huanza kwa mnyama uani na kuishia kwa bibi kizee au mtoto yatima anayemlisha. Weusi wa kuku wa hariri ni urithi wa damu kama weupe wa mayai ya bata: chembe za rangi zilizosambaa mwilini kuliko kawaida, zinapita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto bila mganga. Kuku wenye nywele kama za paka na ngozi nyeusi walitajwa na Marco Polo katika karne ya 13 alipoisimulia China, na huko China mpaka leo supu ya kuku huyu mweusi hupewa mwanamke aliyetoka kujifungua ili apate nguvu. Kitu ambacho taifa zima humpikia mzazi kwa upendo, sisi tunakitemea mate.

Hata lile la "kigeni" halisimami. Kuna methali kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na nimeisikia mara nyingi ikitupwa juu ya ukuta wangu. Lakini tuangalie sahani yetu. Sambaza, hao samaki wadogo ambao bila wao Bukavu ingekosa kitoweo, hawakuzaliwa katika ziwa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Muhogo, mahindi na maharagwe vilivuka bahari kutoka Amerika. Kuku wenyewe, na huyo wa kienyeji tunayemwita wetu, asili yake ni misitu ya Asia. Wote walifika na kamba mguuni, na siku moja mtu akaifungua.

Linabaki neno moja, na ni zito: anasa. Kwamba ni aibu kumlisha kuku kwa ajili ya sura yake wakati mwenzako hana unga. Sitalikimbia. Mwenye magunia ya mahindi anayewalisha kuku mia wa pambo nyuma ya ukuta wa nyaya, huku mlinzi wake akishinda na njaa, ana kesi ya kujibu, na mimi sitamtetea. Lakini wengi tunaowafuga tuna wawili, wanne, sita, na wanakula pumba, maganda, mabaki ya ndagala na majani. Na wanaotuhukumu hawaulizi swali hilo mahali pengine. Hakuna anayemsimamisha mwanamke njiani Nyawera kumwuliza maua ya kitenge chake yanazalisha nini. Kwaya ikishona sare mpya, tunapiga vigelegele.

Na ng'ombe je? Husemwa kwamba jina la mji huu limetokana na Bunkafu, mahali pa ng'ombe. Baba zetu wa Bushi waliwapenda ng'ombe kwa rangi zao na pembe zao, wakawatoa mahari, wakawasifu kwa maneno matamu, na mtu angeweza kuishi na ng'ombe mmoja mpaka wakazeeka pamoja. Hakuna aliyesimama langoni kumwuliza mzee: "Mutaikula siku gani?" Ng'ambo ya mto, katika Rwanda ya wafalme, inyambo wenye pembe ndefu walifugwa ili waonekane, walivalishwa shanga wakapitishwa mbele ya mwami, na mpaka leo wako Nyanza wakitazamwa. Hiyo iliitwa heshima. Mnyama wa mwanamume alipewa haki ya kupendwa kwa uzuri wake na utulivu wake. Kuku ni mnyama wa mama na watoto. Ndiyo maana, nasema, upendo wa kuku unaitwa upuuzi. Ng'ombe wengi wametuishia, kwa vita na kwa uhaba wa malisho. Kama moyo ule wa kumpenda mnyama umehamia kwa kiumbe kinachoenea uani, sioni aliyeibiwa.

Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, tulikaa ndani siku tatu. Benki zilifungwa, na zilibaki zimefungwa. Uani kulikuwa na kuku sita. Walikula maganda ya ndizi na majani, wakaendelea kutaga, mayai mawili, siku nyingine matatu, na tukayagawana na nyumba ya pili. Hilo ni la tumbo. Lakini kuna lingine ambalo wapinzani wangu hawana safu ya kuliandika. Wakati wa milio, wa kienyeji walikuwa wametawanyika, juu ya paa na chini ya magogo, hatukuwapata mpaka jioni. Brahma nilimbeba mkononi nikamwingiza chumbani. Mtoto wangu alikaa naye sakafuni, amemshika mapajani, kidole kikipita kwenye manyoya ya shingo, kutoka saa nne mpaka saa nane. Hakulia. Sisemi kuku ni dawa ya vita. Nasema nilikuwa chumbani, nikaona, na sitakubali mtu aniambie kwamba mnyama huyo hana kazi.

Si kila Brahma yuko hivyo. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na jogoo mzuri kuliko wote, mwenye shingo nyeupe yenye michirizi myeusi, watu wakisimama njiani kumtazama. Alianza kuwashambulia watoto kwa nyuma. Nilimvumilia wiki mbili, nikamchinja, tukamla na ugali. Uzuri wake haukumwokoa, na tangu alipoanza ukali huo sikumwacha azae hata kifaranga mmoja. Jogoo aliyemfuata hakuwa na shingo nzuri kama ile, lakini anampisha mtoto njia, na vifaranga wake wanampisha vilevile.

Hicho ndicho ninachowaomba, hata ninyi ambao hamtafuga Brahma maisha yenu yote. Kwenye paseli yenu kuna kuku wa kienyeji, labda mmoja kati ya kumi, anayekuja mlangoni akiitwa na asiyeruka mkono ukinyooshwa. Jumapili mgeni akifika, mwambieni mtoto amwache huyo. Pandeni mtini mkamlete yule mwenye mbio. Itachukua muda na jasho, na mgeni atangoja kidogo, lakini yule mpole atapata nafasi ya kuatamia mayai yake.